Upindo wa Vidole Vinne

Fundi cherehani wa Matongo alijifunzia kushona gerezani, alikofungwa miaka saba kwa kumpa bintiye sumu, hadi mahakama ya rufaa ilipokubali kwamba mtoto aliumwa na nyoka. Kila sare ya shule huiachia upindo wa vidole vinne. "Watoto wanakua, jamani," husema, hata asipoulizwa. Leo jirani kamleta msichana wake kupimwa. Fundi akashusha tepu begani hadi gotini, akauliza:

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili, dada."

Walipoondoka, akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, wenye jina la marehemu bintiye, Nyangi, ambaye naye angekuwa na umri huo, akanakili vipimo vile chini ya vya mwaka jana, ila urefu akauongeza inchi moja. Nyangi alikuwa amemfuata baba yake kwa urefu.