Blanketi kwenye Miiba

Asubuhi ile Mutindi alimpa mumewe uji kwenye kibuyu, akaona blanketi lake lina tundu jipya. Akalitia kidole.

"Baba Kaluki, umepita tena kwa miiba?"

"Mbuzi walitoka."

"Mbuzi!" Akacheka. "Wacha, jioni nitashona."

Akachukua jembe, akashuka shambani kwenye pojo zake. Jioni alirudi na homa. Siku ya nne wakamzika. Tundu liko vilevile.

Tundu la kwanza ni la mwaka wa 1934, hukuhuku Kilungu. Mutindi, mtu na wajukuu wake, alikuwa ameingia darasa la kusoma la kanisa. Kivuva, mumewe, alimwacha aende, mpaka wazee wenzake walipoanza kumchokoza kwenye pombe ya miwa.

"Kivuva, akishajua kusoma atakupikia karatasi."

"Na utaila! Utafanya nini?"

Akainuka, pombe yake haijaisha. Leo anamtoa mke wake kule, na mke harudi tena darasani.

Darasa lilikuwa nje, nyuma ya kanisa, limezungushiwa matawi ya ngoja-kidogo, ile miiba iliyopinda kama kucha za paka, ili mbuzi wasile vitabu. Kivuva aliona aibu kupita mlangoni. Akazunguka nyuma. Mwalimu Jonah alikuwa ameandika neno la Kizungu ubaoni.

"Entangle," mwalimu akasoma. "Maana yake kunaswa. Lakini si kama mwizi anavyoshikwa. Kinachokushika hakina mikono, na ukijivuta kinazidi."

"Kumbe ni kuolewa!" akasema Kalondu, jirani yao. Wanawake wakacheka sana.

"Uzi hunaswa hivyo," mwalimu akaendelea, naye anazuia kicheko. "Pembe za mbuzi pia. Hata mtu."

Hapo ndipo Kivuva alipojipenyeza katikati ya matawi. Mwiba ukashika blanketi begani. Akavuta. Mwingine ukashika kiunoni. Akavuta kwa hasira, ikashika kila mahali. Ndani ya blanketi hakuwa amevaa kitu. Akasimama nusu nje, nusu darasani, wanawake kumi na wawili wanamwangalia.

"Mwalimu," Kalondu akasema, "huyo mtu wa mfano amefika."

Kivuva akamtazama mke wake. Akicheka tu, basi, kusoma kwake kumekwisha. Alikuwa ameshaapa moyoni.

Mutindi hakucheka. Aliwaambia wenzake wageuke waangalie ubao, na wakageuka, hata Kalondu. Akaweka kitabu kwapani, akaja. Akatoa mwiba mmoja mmoja, polepole, kama anayemtoa mtoto kupe. Vidole vyake vilitoka damu. Alipomaliza akamfunga blanketi vizuri begani.

Kivuva aliketi nyuma kabisa mpaka darasa likaisha. Kwenda nyumbani, kitabu alibeba yeye. Tangu siku hiyo alimsindikiza kila juma, na alipita mlangoni.

Sasa Mutindi hayupo, na watu wanamwambia Kivuva ajikaze, asahau, aamke aende shamba. Anajaribu. Halafu kidole kinaingia kwenye lile tundu ambalo halikushonwa, na anakaa hapo alipo. Maneno aliyoambiwa siku ile kwenye miiba anayo yote moyoni. Mutindi aliyasema chini chini, mtu mwingine asisikie:

"Usivute, Baba Kaluki. Rudi kidogo, uje kwangu. Itakuachilia."