Theluji ya Amalemba

Rosebella Musimbi alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane wa miaka tisa, karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, na alikuwa amevurugwa akili na mwanamume. Tuliseme mapema, tusizungukezunguke. Watu walidhani ni theluji iliyomvuruga, kwa sababu theluji ndiyo aliyoizungumzia kutwa nzima, na wenzake ofisini walikuwa wamechoka kuulizwa kama barafu ya friji ikikwaruzwa huwa nyeupe au ya samawati.

Kudarizi alikujua tangu shuleni. Nyumbani kwake Amalemba hapakuwa na kitu kisichovaa kitambaa: makochi, meza, redio, hata mtungi wa gesi ulikuwa na gauni lake lenye maua mekundu. Kila Jumamosi, akishamaliza kufua, alikaa barazani, akabana kitambaa katika duara lake la mbao, pete moja ndani ya nyingine, akakaza skrubu mpaka kitambaa kikalia kama ngoma kikigongwa kwa kidole. Kisha sindano ikaanza safari. Alikuwa ameshadarizi tausi, mabakuli ya matunda, na aya za Zaburi zisizo na idadi. Theluji hakuwa ameifikiria hata siku moja.

Mambo yalianzia Lubao. Rafiki yake Mildred ana hoteli huko, karibu na mnada wa ng'ombe, na vitambaa vya meza zote ni kazi ya Rosebella. Siku moja akaingia mkulima wa mahindi kutoka Lumakanda, mwanamume mrefu, mpole, aitwaye Khisa, aliyekuja kununua mtamba. Alikula, akanywa chai, akamsahau mtamba. Alikuwa akifuata uzi wa tausi kwa kidole, toka mkiani hadi kichwani.

"Nani alishona hii?" akauliza.

"Kuna mama wa Amalemba," Mildred akajibu, na bila kuulizwa akaongeza, "Bwana yake alikufa kitambo."

Khisa alikuwa na shida ambayo si ya kila mtu. Alikuwa ameishi Uswidi miaka kumi na miwili, akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akikaa katika kijumba chekundu kando ya msitu. Miaka minne iliyopita alirudi kulima shamba la marehemu baba yake, na picha zote za huko alizileta ndani ya simu. Simu ikatumbukia katika josho la ng'ombe, ikaogeshwa pamoja na kupe. Tangu hapo, kila alipowasimulia watu wa Lumakanda kuhusu theluji ya kufika kiunoni, walimwitikia kwa upole ule ule wa kumwitikia mlevi. Sasa alitaka kile kijumba, katika majira ya baridi, kitundikwe ukutani kwake. Yeye angeeleza, Rosebella angedarizi.

"Mulembe, Mama Ayuma," alimsalimu Jumamosi ya kwanza pale barazani, maana Mildred alikuwa ameshampa hata jina la binti wa Rosebella. Akaeleza: nyumba nyekundu, dohani, miti, taa ya manjano dirishani. "Halafu theluji imejaa kila mahali."

"Nimeelewa," Rosebella akasema.

Hakuwa ameelewa. Kitu pekee cheupe kilichowahi kumwangukia kutoka mbinguni ni mvua ya mawe, ambayo Kakamega haina uhaba nayo. Basi wiki nzima alikaa akifunga vifundo vya uzi mweupe, kimoja kimoja, mia tatu na zaidi, akavimwaga juu ya paa na uani. Na kwa kuwa ni mtu mkweli anayejua mvua ya mawe hufanya nini, kando ya nyumba akaweka mgomba uliochanwa majani ukabaki kamba tupu.

Khisa alilishika lile duara akaliangalia. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka chai ikammwagikia suruali.

"Mama Ayuma, hii ni mvua ya mawe," alisema akijipangusa macho. "Na huko hakuna ndizi."

"Kwani hiyo theluji hainyeshangi?"

"Inanyeshanga, lakini pole pole, bila kelele. Unaamka asubuhi unapata imelala kila mahali kama unga. Na kwenye kivuli inakuwa na rangi ya samawati."

Mtu mwingine angeona haya. Rosebella aliona kitu kingine kabisa. Kicheko kile kilimwingia masikioni kikateremka mpaka magotini. Kwa miaka tisa hakuna mwanamume aliyecheka kwenye baraza hilo, ukiondoa fundi wa mabomba, naye alikuwa akilicheka bomba.

"Nitafumua," akasema. "Rudi Jumamosi uangalie."

Alipobaki peke yake akapiga hesabu. Kosa moja, Jumamosi moja. Miaka ishirini na sita ya ukarani ilikuwa imemfundisha kufanya mambo kwa utaratibu, kwa hiyo akayapanga makosa yake kwa utaratibu. Jumamosi iliyofuata theluji ilikuwa imelala vizuri kama unga, ila kuku watano walikuwa wakiichakura. Khisa akacheka, akasema kuku hao watakufa kabla ya saa sita. Jumamosi ya baada ya hapo kuku hawakuwepo, lakini nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, suruali na shuka. Kisha akatokea ng'ombe, amefungwa kwenye mti, anatafuna. Kwa ng'ombe yule Khisa alilazimika kusimama na kushika nguzo ya baraza.

Naye Khisa alikuwa na masahihisho yake. Moshi ulipaswa kuelekea kushoto. Wiki iliyofuata akakumbuka kwamba ni kulia. Kisha akasema hapana, ulikuwa ukipanda wima. Rangi ya nyumba ilikuwa imekolea mno, halafu ikawa imepauka mno. Rosebella alifumua akiimba. Na mgeni akazidi kuwahi. Kwanza alikuwa akifika saa nne, kisha saa tatu, kisha siku moja Rosebella akafungua dirisha akiwa bado na kilemba cha kulalia, akamkuta langoni amekumbatia kabichi tatu.

Mildred akapiga simu.

"Wee! Huyo mwanaume anatokanga Lumakanda kila wiki kuangalia moshi?"

"Hiyo moshi ni ngumu, Mildred."

"Ati moshi ngumu!" Mildred alicheka mpaka wateja wake wakasikika wakiuliza kuna nini. Kisha akashusha sauti. "Sikiza nikuambie. Hiyo picha itaisha. Ikiisha ataibeba aende, na wewe utabaki umeshika sindano. Ongea na yeye."

Rosebella alikata simu akiwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikaa mdomoni kidogo tu likaondoka. Ilikuwa kweli. Palibaki ukuta wa mbele tu, na miti miwili. Aliogopa. Aliogopa kama msichana, na hilo lenyewe likamkasirisha, kwa sababu alidhani mambo hayo aliyazika zamani.

Wiki hiyo hakuweka kosa lolote. Alimaliza miti, akamaliza ukuta, akatia uzi wa samawati kwenye vivuli jinsi alivyofundishwa. Taa ikawaka dirishani. Hata yeye, aliyezaliwa Maragoli na asiyemiliki sweta nzito, alitamani kuingia humo ndani akae.

Khisa alilipokea duara Jumamosi. Hakucheka.

"Mlango uko wazi," alisema.

"Ndiyo."

"Na hapo nje ni baridi ya kuua mtu."

"Kwani ndani kuna watu ama hakuna?" Rosebella aliuliza, na safari hii mshangao wake haukuwa wa kuigiza. Kosa hili hakulipanga. Kwao mlango hufunguliwa asubuhi na kufungwa giza likiingia. Nyumba iliyofungwa mlango mchana ni ya watu waliosafiri, au ya watu wanaowaficha wageni chakula. "Uliniambia taa inawaka, moshi unatoka, chai iko kwa moto. Sasa mgeni ataingilia wapi?"

Khisa aliweka kidole chake juu ya mlango ule.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Hakuna mtu alibisha huo mlango, isipokuwa yule wa kusoma mita. Nilikuwa natoka kazi, nafungua, naingia, nafunga. Basi."

Rosebella alitaka kumshika mkono. Badala yake akasema, "Nifumue?"

"Hapana. Iache hivyo." Akamrudishia duara kwa uangalifu. "Nafikiri imeisha. Weka uzi wa kutundikia, nitakuja Jumamosi kuibeba."

Akaondoka bila kumaliza chai. Wiki iliyofuata ofisini ilikuwa maajabu. Rosebella aligonga muhuri juu chini, akaliweka faili la mtu aliyestaafu miongoni mwa walioajiriwa juzi, na mkubwa wake akamuuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba ndiyo, lakini ataenda kazini tu. Alikuwa kazini.

Ijumaa jioni alinunua jogoo.

Jumamosi Khisa alifika amevaa koti, na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya kola. Picha ilikuwa tayari, nyuma imefunikwa kitambaa safi, uzi wa kutundikia umefungwa. Aliitazama, akashukuru, akaiweka magotini, na wote wawili wakatazama barabara kana kwamba kuna mtu anayekuja. Hakuna aliyekuwa akija. Khisa akasogeza miguu kama mtu anayetaka kuinuka.

"Bwana Khisa, ngoja," Rosebella akasema. "Wale kuku, zile nguo, yule ng'ombe. Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Ati hawakaangi kwa theluji! Hata mtoto wa nasari anajua. Niliwaweka makusudi ndio urudi." Maneno yalimtoka yote kwa pumzi moja.

Khisa alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Mvua ya mawe pia?"

"Hiyo hapana. Hiyo ilikuwa ujinga yangu tu."

"Basi na mimi nikuambie," Khisa akasema, na mabega yakaanza ile kazi yake. "Moshi sijui ulikuwa unaenda wapi. Nani anaangalianga moshi wake mwenyewe? Mimi nilikuwa ndani!"

Walicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Walicheka wakanyamaza, wakatazamana, wakaanza upya. Rosebella alilazimika kuingia ndani kujipangusa kwa kitambaa cha redio.

Alipotoka alimkaribisha mezani. Alipakua obusuma, ugali wa huku, akapakua mboga, kisha akafunua sufuria ya ingokho, yule jogoo wa Ijumaa, na kijiko kikasita. Firigisi ya kuku, ambayo watu wa huku huiita imondo, ina mwenyewe. Ni ya baba wa nyumba. Mgeni hata akiwa askofu atapewa paja, atapewa kidari, na asipoiona imondo hataiulizia. Kwa miaka tisa Rosebella alikuwa akiila mwenyewe jikoni, amesimama, upesi, kama mtu anayemeza dawa.

Aliichota, akaiweka kwenye sahani ya Khisa, juu kabisa, mahali pa kuonekana. Kisha akaketi, akaweka mikono mapajani, akasubiri.

Khisa ni Mbukusu wa Lumakanda, hakuhitaji kufafanuliwa. Alikitazama kile kipande cha nyama kwa muda. Akainuka, akavua koti, akatafuta msumari ukutani, akalitundika. Akanawa mikono upya, ingawa alikuwa ameshanawa. Kisha akaketi, akaanza na imondo, akaitafuna polepole mpaka ikaisha yote.

"Rosebella," alisema, kwa mara ya kwanza bila Mama wala nani, "chumvi iko sawa."