Hakuna Mgonjwa Moshi

Niliondoka Kariakoo kwenda kuutazama mlima. Nalisema hili mapema ili mtu asisome mpaka mwisho akitafuta msiba, ugonjwa au posa ya kupeleka. Hakuna. Nilitaka kuuona, nikaenda.

Marehemu mume wangu, Juma, alikuwa dereva wa lori. Miaka yote ya ndoa yetu alikwenda Moshi na kurudi, na kila akirudi nilimuuliza, "Mlima ukoje?" Alinijibu, "Mkubwa." Nikimuuliza, "Na ule weupe wa juu, ukoje?" Alisema, "Kuna baridi." Basi! Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na hakunilaza njaa hata siku moja, lakini kwa habari alikuwa bahili, we acha tu.

Nilipotoka eda, mtu wa kwanza kupiga hodi alikuwa shemeji yangu, Mzee Mbwana, kaka yake Juma. Alikaa barazani, akanywa chai yangu, akasema, "Shemeji, nyumba haikai bila mwanamume. Na marehemu alikuwa damu yangu. Nimekwisha sema na Sefu, atanipa neno." Sefu ni mdogo wangu, tumbo moja, naye pia ni dereva wa lori. Baba yetu amekufa, kwa hiyo yeye ndiye walii wangu, ndiye wa kuniozesha. Atampa neno! Tazama mambo hayo. Mimi nimekaa palepale, birika mkononi, hakuna aliyeniuliza hata kama sukari imetosha.

Wakati ule ndipo nilipoanza kupanga safari. Baraza yangu iko upande wa Gerezani, karibu na karakana za reli, na madereva hunywa chai kwangu asubuhi kwa vitumbua. Nikawa namuuliza kila mmoja habari za njia. Walijua yote: penye tope, penye simba, penye mama anayepika wali usio na mawe. Lakini nilipouliza, "Na wapi pazuri kutazama?" walinikodolea macho. "Kutazama nini, Bi Mwanaidi?" "Nchi," nikasema. Mmoja alicheka mpaka chai ikampalia. Mwingine mmoja tu, mtu mzima asiyependa maneno, alingoja wenzake waondoke, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kabla ya Mombo kuna mahali barabara inapanda kidogo, na milima inakukabili mbele. Mimi husimamisha gari pale. Wenzangu nawaambia injini imechemka."

Jioni nilikunjua mkeka nikavipanga vituo vyangu kwa kokwa za tende: Morogoro, Handeni, Mombo, Same, Moshi. Nikavipangua, nikavipanga tena, kila kituo kiangukie mchana, maana sikuwa nakwenda mbali kote huko ili nipite gizani. Siku zilezile tajiri wake Sefu aliuza lori lake kwa mfanyabiashara mmoja wa Moshi, naye Sefu akaambiwa alipeleke. Penye nia pana njia. Nikamwambia, "Nafasi ya mbele ni yangu."

Mzee Mbwana alipopata habari alikuja mbio, kofia upande. "Mjane katoka eda juzi tu, leo anapanda lori kwenda kutazama! Watu watasema nini?"

"Watasema nimekwenda kutazama."

"Wanaotembea kutazama ni Wazungu. Sisi tunasafiri kwa shida."

"Haya, shida yangu ndiyo hiyo, shemeji."

Alimgeukia Sefu akamwambia wakirudi anataka lile neno lake, mbele ya watu, yaishe. Sefu akatazama miguu yake. Huyo ndiye mdogo wangu: lori lolote analimudu, mtu mzima akimkazia macho hana la kusema.

Asubuhi ya kuondoka nilimwambia Sefu apite kwanza mjini, kwenye sanamu ya askari. "Kila siku unaiona," akanung'unika. Kweli, naipita na kapu kichwani, sijapata kusimama nikaitazama. Nilishuka nikaizunguka. Askari wa shaba, bunduki mbele, viatu vizuri. Mjomba wangu alichukuliwa kwenye vita ile ile ya Mwingereza na Mjerumani kubeba mizigo, bila viatu, na hakurudi. Nilimtafuta kwenye zile picha za pembeni chini ya askari, nikamsomea Fatiha palepale barabarani, nikapanda gari. Wapita njia walinishangaa, na washangae.

Barabara ya Morogoro wakati wa kiangazi ni vumbi na mashimo. Tulifika jua likiwa bado lina nguvu, na milima ya Waluguru ilikuwa imesimama nyuma ya mji, ina mashamba mpaka juu kabisa, hata nikajiuliza watu wale wanalimaje bila kuteleza na jembe. Tulilala kwa dereva mwenzake Sefu, tukaondoka alfajiri. Baada ya kuvuka mto Wami nyika ilifunguka. Pundamilia walikuwa wengi kama mbuzi wa mnadani, na twiga mmoja alivuka barabara bila haraka yoyote, akatufanya tungoje. Sefu alitaka kupiga honi. Nilimshika mkono.

Handeni ndipo balaa lilipotokea. Madereva wote hulala kwa Bi Zuhura, mama wa Kizigua mwenye nyumba kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alimjua marehemu, na Sefu pia. Tuliposhuka, alinitazama, akamtazama Sefu, uso ukambadilika. Hakutuamkua kwa kelele kama madereva walivyonisimulia. Alituwekea mkeka chini, akaleta maji, wanawe wakakaa wamejifunika kanga, kimya.

Kwa watu wetu habari ya msiba haielezwi mtu akiwa amesimama. Mgeni hukalishwa, hupewa maji, ndipo huulizwa. Na mwanamke anayetoka Dar es Salaam kwa lori, bila taarifa, na ndugu yake wa kiume ubavuni, amekuja na habari gani nyingine? Ya Juma walikwisha ipata. Walikuwa wanangoja jina la pili.

"Haya, mwanangu," Bi Zuhura akasema, na machozi yamekwisha mlengalenga. "Sema. Nani?"

"Hakuna mtu, mama. Wote wazima. Nakwenda Moshi kuutazama mlima."

Walitazamana. Binti mmoja akaanza kulia kwa kwikwi, akiamini habari ni nzito mno hata haisemeki. Hapo Sefu, kwa haya zake, akajikohoza akasema, "Tuna mgonjwa wetu kule Moshi."

Lo! Nyumba nzima ikapumua. Mgonjwa! Hilo lilieleweka. Ukaletwa wali, ukaletwa uji, maswali yakamiminika: anaumwa nini, tangu lini, ametazamwa na nani. Sefu akawa anajibu, na kila jibu likazaa jingine. Mwisho Bi Zuhura alinyanyuka, akamkamata kuku wake mweupe, akamfunga miguu. "Mpelekeeni mgonjwa. Supu itampa nguvu."

Usiku ule sikupata usingizi kwa hasira. Kuku alikuwa chini ya kitanda changu, akitetea. Kulipopambazuka nilimbeba mpaka jikoni.

"Bi Zuhura, shikamoo. Mchukue kuku wako. Hakuna mgonjwa Moshi. Ndugu yangu ameona haya kusema kweli."

Alimpokea kuku, akamtazama. Nilijua nimemvunjia heshima, nikawa tayari kutukanwa. Kisha akaniuliza, "Kweli unakwenda kutazama tu?"

"Kweli."

"Basi kuku huyu tumle sisi wazima." Akachukua kisu akamwita kijakazi, la, naongopa, hakuwa na kijakazi, alimwita Sefu. "Njoo umchinje, muongo wee!" Tulichelewa kuondoka, lakini tuliondoka tumeshiba. Aliponiaga alinishika mkono akasema madereva wamelala kwake tangu yeye ni msichana, na hajasikia hata mmoja akieleza mlima ule ukoje.

Njiani Sefu alinuna. Mpaka tunaingia nchi ya Korogwe alikuwa amekunja uso. Tulipofika pale barabara inapopanda, kabla ya Mombo, nilimwambia asimamishe. Milima ya Usambara ilikuja mbele yetu moja kwa moja, mirefu, myeusi kwa misitu, na mawingu yameketi juu yake. Nilishuka nikakaa juu ya jiwe.

Hatukuwa peke yetu. Mzungu mmoja alikuwa ameweka kiti cha kukunja kando ya barabara, mashine yake ya picha juu ya miguu mitatu, na askari wa boma amesimama nyuma yake. Askari alitujia. "Ondokeni hapa. Bwana anatazama milima."

"Na mimi natazama milima."

"Una kazi gani huku?"

"Hiyo hiyo ya bwana."

Sefu alininong'oneza, "Dada, twende." Nikajifanya kiziwi. Nikamwambia askari, "Baba, kwani milima ikitazamwa na wawili inapungua?" Askari aligeuka nyuma. Alimtazama bwana wake, naye bwana alikuwa amejificha ndani ya kitambaa cheusi cha mashine, habari hana. Nilikaa mpaka niliposhiba, ndipo nikainuka. Yule Mzungu hakuna aliyemuuliza nani kafa kwao.

Tulipoendelea, Sefu alikuwa amekazia macho barabara. Ndipo alipotoa la moyoni. "Dada, wewe unanitia aibu kila mahali. Na mimi Mzee Mbwana nimekwisha mwambia inshallah."

"Inshallah ya nini?"

"Ya wewe. Kwamba tukirudi nitakutoa kwake."

"Utanitoa? Mimi sahani?"

"Alinikalia siku nzima! Ningesema nini?"

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa uchungu kutoka Mombo mpaka milima ya Wapare ilipoanza, na yeye akiendesha. Nilimwambia, "Wewe ulimdanganya Bi Zuhura kwa sababu uliona haya kulitamka neno la kweli. Na mimi utanitoa kwa sababu hiyo hiyo. Siyo kwamba umeona ni vyema. Umeona haya tu." Same tulikula ndizi za kuchoma tukalala, kila mtu na kinyongo chake.

Moshi tulipokewa na Mama Ndeshi, Mchaga, Mkristo, mke wa yule aliyenunua lori. Kabla hajauliza, nilimwambia kilichonileta. Alicheka mpaka akaegemea kizingiti. "Watu wanakuja hapa kununua kahawa, wanakuja kuuza nguo. Kuja kutazama tu! Karibu, mgeni wangu, karibu sana." Akanipa chumba ambacho dirisha lake linatazama Kibo, kile kilele cheupe cha mlima, maana kwao upande ule ndio upande wa heshima.

Dirishani palikuwa na wingu. Siku ya kwanza wingu, siku ya pili wingu, jeupe, pana, kana kwamba hakuna kitu nyuma yake. "Hauitwi," Mama Ndeshi akasema. "Ukitaka utatoka." Sefu alisema tumekuja mbali kutazama mvuke wa chungu. Nikamwambia kama hataki kungoja, gari moshi la Tanga analijua liliko.

Asubuhi iliyofuata ni yeye aliyenigongea dirisha. "Dada! Dada, toka!" Nilitoka na kanga moja. Sefu alikuwa amesimama katikati ya migomba, kichwa nyuma.

Ulikuwa juu zaidi ya pale nilipokuwa nikiutafuta. Siku mbili nimetazama chini sana. Kilele kilikuwa mbinguni, cheupe, kipana, na jua lilikuwa linaanza kukitia rangi ya waridi upande mmoja. Chini yake buluu, halafu kijani, halafu sisi. Nilijaribu kulitafuta neno. Nikamkumbuka Juma, nikamsamehe lile "mkubwa" lake.

Sefu alikuwa na machozi. "Nimekuja hapa mara nyingi, dada. Nyingi. Sikuwahi kuinua kichwa. Nilikuwa natazama barabara." Tukakaa chini kwenye umande mpaka wingu liliporudi. Hatukuzungumza habari ya Mzee Mbwana, wala sikumwomba kitu.

Tulirudi kwa gari moshi mpaka Tanga, na kutoka Tanga kwa meli. Safari ya meli sina la kuisifu, nilitapika njia nzima. Kutoka bandarini tulitembea kwa miguu mpaka Kariakoo, na barazani kwangu watu walikuwa wamejaa. Mzee Mbwana alikuwa katikati, kanzu mpya. Majirani walinipa pole. Pole ya nini? Kumbe alikwisha tangaza mtaa mzima kwamba tumekwenda kumwangalia mgonjwa.

"Karibuni," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Sefu, mgonjwa wenu anaendeleaje?"

Ulikuwa mlango mzuri, umefunguliwa wazi. Sefu angeweza kusema "hajambo" tu, heshima ya wote ikasimama, na mimi nikaolewa. Nilimtazama.

"Hakuna mgonjwa Moshi, Mzee," Sefu akasema. Akarudia kwa sauti zaidi. "Hakuna mgonjwa. Tulikwenda kutazama mlima. Tumeuona."

Mzee Mbwana alitabasamu kama aliyeumwa jino. "Na neno langu?"

"Neno lako analo dada mwenyewe. Muulize."

Alinigeukia. Mtu yule alikuwa amesema na mdogo wangu, na majirani, na nadhani na shekhe pia, lakini kinywa chake hakikuweza kuniuliza mimi. Basi nikamjibu bila kuulizwa. "Sitaki, shemeji."

Aliondoka na kanzu yake. Wanawake walibaki, na walipoona amepinda kona, wakaanza kuvuta mikeka karibu. Mlima ukoje, Mwanaidi? Niliwaeleza mpaka adhana ya magharibi, na sikusema "mkubwa" hata mara moja.

Kwa anayepanga safari kama yangu, nina hili tu. Vituo si kazi, madereva watakuambia. Tope linavukika. Kazi iko mlangoni kwako mwenyewe, kusema mbele ya watu kwamba unakwenda kwa sababu unataka, bila kuazima mgonjwa. Mimi nilijifunza kusema "nataka" njia nzima, kwa Bi Zuhura, kwa askari, kwa Mama Ndeshi. Nilipofika nyumbani, "sitaki" ilitoka yenyewe.