Isukuti kwa Fidla

Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa huko Kawangware 46, nilikuta vijana wanne wakibishana na mtunzi wao, msichana wa miaka ishirini hivi. Kwarteti yake ya kwanza, ya fidla mbili, viola na chelo, ilifuata watunzi wa kale wa Ujerumani. Katika hii ya pili ametia mdundo wa isukuti, ngoma za kwao Kakamega, na hapo ndipo kila mara walipopotezana.

"Toa hapo, manze," alisema mpiga chelo. "Kesho tutaaibika mbele ya watu."

"Sitoi. Hapo ndipo pangu."

Mama aliyekuwa akipiga deki aliegemea mopu yake. "Na nani hucheza isukuti akiwa amekaa? Simameni, watoto!"

Walicheka, wakasimama. Mpiga chelo alibaki kitini na chombo chake, lakini miguu yake ikaanza kukanyaga sakafu, kulia, kushoto. Safari hii walifika mwisho pamoja.

Nami miaka yote ya ualimu niliwaambia watoto wakae ndipo waelewe! Msichana alichukua penseli. Maagizo ya muziki wa aina hii huandikwa kwa Kiitaliano. Yeye aliandika juu ya ukurasa: "Simameni."