Hasira Niliyoiacha Nje ya Kilio

Yaya, kaka yangu mkubwa, alirudi kijijini kwetu Lweba, kando ya ziwa, kwa vakanse, likizo ndefu, kutoka shule ya bapadri, kichwa kimejaa Kilatini. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne, lakini ndoto nilikuwa nazo tele, na kila tulipokaa kushona wavu nilimwomba anisimulie ule utenzi mrefu wa Walatini. Hakufika mbali. Walikuwa wamemfundisha mwanzo tu, na mwanzo huo aliupenda kama mlango wa nyumba ambayo hajaingia.

Alinieleza kwamba mtunzi hafichi kitu: mstari wa kwanza tayari anakuambia ataimba habari za mtu gani na taabu gani. Anamwomba mungu wa kike amkumbushe, maana peke yake hawezi. Anauliza ni hasira ya nani iliyomtesa mtu mwema hivyo. Halafu, badala ya kuanzia mbali, anakutupa katikati ya maji, dhoruba imekwisha kuanza.

Nilicheka. Nikamwambia kwamba huyo mtunzi akija kusimulia kilioni kwetu, wazee watamkalisha chini. Kwetu, aliyekuwa na marehemu ndiye anayesimama kueleza kifo, na anaanzia siku marehemu alipokuwa mzima, hatua kwa hatua. Yaya naye akacheka.

"Basi siku yangu utasimulia wewe," akasema. "Uanzie katikati, mudogo. Usichokeshe batu."

Vakanse haijaisha, tulitoka mjini Baraka na mtumbwi wa mihogo, upepo wa kusini ukatukuta. Mimi nilishika mtumbwi uliopinduka. Yeye hakuuwahi. Ziwa lilimrudisha kesho yake.

Siku ya kilio watu walijaa uani. Shangazi yetu alikaa peke yake karibu na jiko, na mkeka wake hakuna aliyeukaribia. Siku chache kabla, aligombana na yaya mbele ya majirani kwa ajili ya shamba, akamwambia hataki kumwona tena machoni pake. Sasa maneno yale yalikuwa yanatembea kutoka mkeka hadi mkeka. Kama ningeanzia mbali jinsi desturi inavyotaka, ningepita kwenye ugomvi ule, na jioni hiyohiyo wangemfukuza kijijini kama mchawi.

Nikasimama. Nikasema nitaeleza habari za yaya na maji. Nikamwomba mama anisaidie pale nitakaposahau. Halafu nikaanzia ziwani, wimbi liko juu yetu.

Baba mkubwa, ndugu wa baba yetu, alinikatiza.

"Anzia mwanzoni, mutoto. Nani alikuwa na hasira naye?"

"Hakuna, baba mukubwa. Ni upepo tu. Hata mihogo ulibeba."

Mama akaniambia niendelee polepole, kwa sababu pale nilipokatizwa mwanawe alikuwa bado anapumua.

Basi nikaenda polepole. Nilieleza alivyokuwa akichota maji yaliyoingia mtumbwini kwa kibuyu huku akinitania kwamba napiga kasia kama mtu anayekoroga ugali. Nilikaa katikati kadiri nilivyoweza. Nilipofika mwisho, shangazi alipiga yowe moja, na mama akamsogezea nafasi kwenye mkeka wake.

Wavu ule haujaisha kushonwa. Na utenzi nao, sijapata mtu wa kuniambia baada ya dhoruba kulitokea nini.