Rakaa Mbili za Njiani, Nne za Nyumbani

Niliondoka Kasongo kwa sababu mkuu wa mtaa alisimama mlangoni kwetu asubuhi na mapema, akasema, "Asumani, tipoi iko inakungoja." Hakuna aliyeniuliza kama nataka kusafiri. Miaka ile Mzungu akitaka kwenda Kabambare hakwenda kwa miguu yake, alikwenda kwa miguu yetu: kiti kimefungwa katikati ya miti miwili mirefu, juu kina kijipaa cha turubai, wanaume wanne wamekibeba mabegani na wanne wengine wanafuata ili kuwapokea. Hiyo ndiyo tipoi. Nawaandikia ninyi mliozaliwa baada ya kazi hiyo kwisha, mnaodhani tuliibeba tukiwa tumeinamisha vichwa.

Lakini nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kutokimbilia porini. Kati ya wabebaji wanane alikuwamo Lubangi, Mubangubangu kwa kabila, mwenyeji wa Kabambare, mtu mzima aliyeletwa Kasongo kuchimba barabara. Alikaa jirani nasi, akatusikia tukisali, akaja kwa baba yangu akatamka shahada. Haukupita muda, Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, akafunga chuo cha Kurani cha baba na kumpeleka baba mbali, kosa lake kufundisha dini watu wa vijijini. Sisi wa mjini tuliachiwa sala zetu, mradi tusimfundishe mtu. Sasa Lubangi alikuwa anarudishwa kwao abaki huko, na huko hapakuwa na mwalimu tena. Waislamu wachache waliobaki walisali wamejifungia, wakiogopa hata kumfungulia mgeni. Nilikuwa na siku zile za njiani tu za kumfundisha kusali. Tukifika Kabambare, basi.

Mbele ya ofisi tulimkuta yule wa kubebwa. Tulimwita Bwana Upesi, maana hilo ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko yote. Alipanda kitini, akatunyoshea kidole sisi wa kanzu.

"Hakuna kusali mu njia! Mutu akiweka tipoi chini kwa kusali, fimbo!"

Polisi wake alikuwa nyuma, na hiyo fimbo mkononi, ile ya ngozi ya kiboko. Mimi nilichemka. Mtu amekaa juu ya bega langu, halafu anipangie na paji la uso wangu liguse wapi!

Katika wale wanane, wanne tulikuwa Waislamu na wanne Wakristo. Mkubwa wa Wakristo alikuwa Paulo, mkulima wa kijiji cha karibu na misheni, mtu wa mzaha mwingi. Tulipouacha mji nyuma alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Asumani, amesema kiti kisishuke."

"Nimesikia."

"Kikiwa ku mabega yetu siye, kimeshuka?"

"Hakikushuka."

"Basi saa yenu ikifika, mutubakishie. Mubaki nyuma, musali, mukimbie mutufikie. Na Juma ya Mungu, Jumapili yetu, miye nikiwa na rozari yangu, mutabeba na hamutalia."

Tulikubaliana hapo hapo, na Bwana Upesi juu yetu anapiga miayo.

Jua lilipopinduka tulikuwa kwenye kijito, kimoja cha vile vinavyokwenda kuingia mto Luama. Wakristo waliipokea tipoi na kuvuka nayo. Sisi wanne tukainama majini. Nilimwonyesha Lubangi kutawadha: mikono, kinywa na pua, uso, mikono tena hadi viwiko, kupangusa kichwa na masikio, kisha miguu. Kibla kilikuwa rahisi kukumbuka. Anayetoka Kasongo kwenda Kabambare kibla kipo mbele ya bega lake la kushoto, na Lubangi alibebea bega hilohilo, limevimba.

"Simama. Ile nia iko mu roho, si mu kinywa tu," nilimwambia. "Inua mikono, sema Allahu Akbar. Hapo dunia imebaki nyuma. Bwana Upesi naye amebaki nyuma."

"Yeye iko mbele, anavuka maji," alisema Lubangi, na tukacheka kabla ya kuanza, jambo ambalo baba asingelipenda.

Fatiha aliishika nusu. Kwenye rukuu mgongo wake ulinyooka vizuri, kwa sababu mbebaji anajua mgongo ni nini. Kwenye sijida nilimkumbusha paji la uso, viganja, magoti na vidole vya miguu, vyote viguse chini. Alikaa pale chini muda mrefu hata nikaogopa tumechelewa. Tulisali rakaa mbili badala ya nne, kama ilivyo haki ya msafiri, tukatoa salamu kulia na kushoto, tukakimbia.

Najua wasomi watasema tungeweza kuichelewesha adhuhuri tukaisali pamoja na alasiri tukifika kambini. Ni kweli, sheria inaruhusu. Lakini Bwana Upesi alitaka tutembee hadi machweo. Tena ruhusa ya Mungu ni kwa ajili ya kutupunguzia taabu sisi, sikuwahi kusoma mahali kwamba ni kwa ajili ya kumfurahisha ajanti wa serikali.

Jioni ya siku hiyo alituangalia mmoja mmoja. Udongo wa huko ni mwekundu, na sisi wanne tulikuwa nao kwenye mapaji ya nyuso.

"Nini hii?"

Mimi nikasema, "Tulisali, Bwana. Tipoi haikushuka."

Alimgeukia polisi, polisi akatikisa kichwa kwamba kweli, haikushuka. Bwana Upesi akawa mwekundu kuliko udongo wetu. Akatoa amri mpya: kuanzia kesho hakuna mtu kubaki nyuma ya tipoi.

Kesho yake jua lilipokaribia kichwani, nilimwambia polisi kwamba daraja la miti lililo mbele huwa linaoza, sisi wanne tutangulie kuliangalia. Lilikuwa zima kama mawe. Tulifika, tukatawadha, jua likapinduka, tukasali rakaa zetu mbili kando ya njia, na tipoi ikatupita tukiwa tunatoa salamu ya kushoto. Bwana Upesi alitutumbulia macho kutoka juu. Alikataza kubaki nyuma, hakukataza kutangulia. Paulo, chini ya mti wa mbele wa tipoi, alikuwa anabana kicheko hadi kiti kikayumba.

Alasiri tukafanya vilevile, na keshoye tena, kila mara kuna daraja bovu. Nadhani serikali haijapata kuwa na madaraja yaliyotazamwa kwa upendo namna ile.

Bado mafunzo yalikuwa hayatoshi. Fatiha nilimsomesha tukitembea bega kwa bega katika zamu yetu ya kupumzika, aya kwa aya, kwa sauti ndogo, kwa sababu sura haiimbwi. Ila mpangilio wa sala niliutia katika wimbo wa kubeba, ule wa mmoja kutoa na wengine kupokea. Mimi nilitoa, "Umesimama?" Wakapokea, "Tumesimama!" "Umeinama?" "Tumeinama!" "Umenyooka?" "Tumenyooka!" "Paji?" "Chini!" "Umekaa?" "Tumekaa!" "Tena paji?" "Tena chini!" Wakristo nao waliitikia kwa nguvu, maana wimbo mzuri hauna dini. Bwana Upesi aliupenda mno. Alipigapiga kiatu chake kwa mdundo, na tulipochoka alisema, "Imba! Imba ile!" Basi mwalimu alikuwa amefungwa mbali na chuo kina kufuli, na chuo kingine kilikuwa kinatembea njiani, kimembeba mtu wa serikali iliyokifunga kile cha kwanza. Sijapata kufurahi begani namna ile.

Siku ya kuingia Kabambare Lubangi alishika kila kitu. Alikuwa na Fatiha yote, tahiyatu yote, na kidole chake kikiinuka mahali pake. Mama yake, Mama Lubangi, alitupokea kwa ugali wa muhogo na samaki mkavu, akamshika mwanawe mabega, akauona uvimbe, akalia. Kisha akamwona akisali magharibi nyuma yangu, akaniita kando.

"Baba, mutoto wangu iko anainama-inama hivi. Ofisi ikimuona?"

"Mama, njia yote ofisi ilikuwa juu ya kichwa chetu, na alisali."

"Weye kesho unarudi kwenu. Yeye atabaki na miye."



Asubuhi tulipokuwa tunajiandaa kwenda ofisini tulikoitwa, Lubangi aliniambia kwa fahari, "Sasa miye najua yote. Mbili asubuhi, mbili saa sita, mbili alasiri, tatu jua likizama, mbili usiku."

Nilishika kichwa. Nilikuwa nimemfundisha sala ya msafiri! Rakaa nne hakuziona hata mara moja tangu tuondoke, na kwake ile mbili ndiyo sala yenyewe. Angekaa kwao miaka, mwenyeji mzima, anasali kama mpita njia, na hakuna mtu wa kumwambia.

"Lubangi, ile tulipunguza kwa sababu ya safari. Safari yako imekwisha jana. Adhuhuri, alasiri na isha kwako ni nne."

Alikasirika kweli. "Na ni sasa unasema?"

"Ni sasa. Leo adhuhuri tutasali pamoja. Miye ni mugeni, nitasali mbili na nitatoa salamu. Weye usitoe. Simama peke yako, ongeza mbili, Fatiha katika kila moja, ndiyo ukae na utoe salamu yako."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

Tulipangwa uani mwa ofisi, chini ya bendera, tipoi imewekwa mchangani mbele yetu. Tuliamriwa tungoje, sisi ruhusa ya kurudi, Lubangi ya kubaki kwao, na tukitoka tuondoke moja kwa moja. Tulingoja. Bwana Upesi alikuwa barazani anakula. Jua likasimama, likapinduka. Nilijua hakuna adhuhuri nyingine. Nikamwomba Paulo maji ya kibuyu chake, tukatawadha pale pale, sisi wanne, na nikasimama mbele kuelekea kibla.

Bwana Upesi aliinuka na leso shingoni. "Nilisema nini?"

"Ulisema tipoi isishuke, Bwana," nilimjibu. "Weye mwenyewe umeshuka."

Nikainua mikono. Nyuma yangu nilisikia Paulo na wenzake wakisogea, wakasimama kati yetu na ngazi za baraza, kofia mkononi. Tulisali rakaa mbili. Nilitoa salamu kulia na kushoto, wenzangu wawili nao wakatoa, na nikasema kwa sauti kubwa ili uani pote pasikie, "Wenyeji, timizeni sala yenu. Sisi ni wasafiri."

Lubangi akasimama.

Alikuwa peke yake sasa, sisi wote tumekaa. Bwana Upesi alidhani tumemaliza, akamwona huyu anaanza upya. "Weye! Kaa! Wenzako wamemaliza!" Lubangi alisoma Fatiha. "Polisi!" Polisi alizunguka lile kundi la Paulo, na alizunguka polepole, hilo namshukuru mpaka leo. Lubangi akainama, akanyooka, akasujudu. Akasimama kwa rakaa ya nne. Polisi alifika, akasimama kando yake na fimbo yake, akamtazama Bwana, akamtazama yule mtu aliyesujudu, hakuinua mkono. Lubangi alikaa, kidole kikainuka, akatoa salamu kulia, kisha kushoto, ambako polisi alikuwa amesimama.

Bwana Upesi alishuka ngazi mwenyewe. "Kwa nini weye unaendelea? Wenzako mbili, weye nne? Unanichezea?"

"Hapana, Bwana," alisema Lubangi. "Mutu anayepita anasali mbili. Wale ni wapita njia. Miye niko kwetu."

Sijui kama Bwana Upesi alielewa yote, lakini nilimwona akigeuka kuitazama tipoi, kama mtu aliyekumbushwa alivyofika pale.

Lubangi alipigwa. Siwezi kulipamba hilo. Alilazwa mchangani, na polisi safari hii hakuachiwa kuzubaa. Tulizuiwa kumsogelea, na nilisikia kila pigo mgongoni mwangu. Lakini walimpiga sala yake ikiwa imekwisha timia, na hakuna fimbo inayoweza kurudi nyuma ikaitengua. Mama yake alikuja na maji ya moto na majani. Hakuniangalia kwa ubaya. Alisema tu, "Amemaliza?" Nikamwambia amemaliza. "Basi," akasema, na akamfunika kanga.

Njiani kurudi tipoi ilikuwa tupu, kwa kuwa Bwana Upesi alibaki huko kwa kazi zake. Tuliipakia ndizi na mchele wa Paulo, na kila saa ya sala ilipofika tuliiweka chini katikati kabisa ya njia, tukasali taratibu bila kukimbia. Hakuna daraja tuliloliangalia. Juma ya Mungu Paulo alishika rozari yake, na sisi tulibeba ndizi zake kama tulivyoahidi. Tulilalamika sana.

Kasongo tuliingia alasiri. Jirani zangu walikuwa wamejipanga safu uani kwetu, mbele ya mlango wa chuo cha baba, na kufuli la Bulamatari bado linaning'inia. Walinisukuma mbele niongoze. Nilikuwa nimezoea mbili, na mwili wangu ulitaka kutoa salamu baada ya kikao cha kwanza. Nikamkumbuka Lubangi pale uani, peke yake, watu wote wamekaa. Tangu siku ile nimesali maelfu ya sala, na kila nikifika hapo huwa naisikia sauti yake. Siku ile nilisimama kwa rakaa ya tatu, kwa sababu niko kwetu.