Mapazia ya Darasa la Viziwi

Mimi ni fundi cherehani wa Nguvumali, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba sijashona kitu kikamdhuru mtu. Suruali iliyobana, sawa. Gauni la harusi lililogoma kufunga zipu siku yenyewe, sawa. Hayo yamenitokea na nimeyaombea radhi. Lakini mapazia yale mawili ndiyo yaliyonivunja kiburi, na nayasimulia kwa sababu ya mwalimu mmoja ambaye sijui nimshukuru vipi.

Binti yangu ni kiziwi. Homa ilimpata kabla hajatimiza mwaka, akapona yeye, masikio hayakupona. Mpaka anafika miaka sita alikuwa akitaka kitu ananivuta kanga, na mimi nabahatisha: njaa? kiu? tumbo? Nikikosea mara tatu analia, mimi nafoka, kisha nalia naye. Ndipo jirani aliponiambia kwamba shule ya msingi ya karibu ina kitengo cha watoto viziwi, kina mwalimu mmoja tu, mwanamke, nikajaribu.

Niseme wazi: mwalimu huyo nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Ni Msambaa wa milimani, Mlutheri, mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa macho. Mimi naijua mikono ya watu, ndiyo kazi yangu, na sijaona mikono inayojua inachofanya kama ile. Akisema samaki kwa alama, samaki unamwona. Wiki ya tatu binti yangu alirudi nyumbani, akasimama mbele ya mtungi, akanionyesha alama ya maji. Hakunivuta kanga. Aliomba maji kama mtu yeyote anavyoomba maji. Nilimmiminia mpaka kikombe kikafurika, nikalowa miguu.

Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya zamani ya shule. Dirisha moja dogo, mlango mmoja, umeme haujafika. Mwalimu aliwakalisha watoto nusu duara, wameupa mlango mgongo, naye akasimama akiuelekea, ili mwanga wa nje umwangukie mikononi. Wa miaka sita walikaa pamoja na wa miaka kumi na mmoja. Anamfundisha huyu alama ya mama, anageuka kumfundisha yule kugawanya, anarudi kwa huyu ambaye ameshalala. Hivyo tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho, na sikuwahi kumwona akimfokea mtoto. Mimi ninaye mmoja na nilikuwa nafoka.

Mwaka jana akatuita wazazi. Alisema wale wakubwa wanakaribia mtihani wa darasa la nne, naye hawezi tena kujigawa. Uongozi wa shule umeamua kwamba asipopatikana mwalimu wa pili, wadogo wote wa awali mpaka darasa la pili watabaki nyumbani.

"Mpaka lini?" nikauliza. Binti yangu ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

"Mpaka serikali ituletee mwalimu na chumba chenye mwanga, mama. Nimeshaandika barua. Alhamisi anakuja afisa elimu kuangalia hali."

Mwenzetu mmoja, mke wa mvuvi wa Ushongo aliyehamia mjini kwa ajili ya darasa lile tu, akasema kule kwao ufukweni watalii hawakosekani, kwa nini tusitafute mfadhili? Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Watoto wa chumba cha pili, wanaosikia, wana mwalimu wa serikali," akasema. "Hakuna aliyewatafutia mzungu. Hawa wetu wana kosa gani? Na huyo mfadhili akichoka, mwanao atamaliza kusoma na nani?"

Habari ya mfadhili ikaishia hapo.

Sasa sikilizeni tulichokifanya. Kwetu mgeni haonyeshwi upungufu wa nyumba. Utaazima sahani, utaazima kitanda, mtoto utamficha kwa jirani kama nguo yake imechanika, lakini mgeni aondoke akikusifu. Jumatano mwalimu alishinda hospitali na mtoto aliyeanguka kifafa, na sisi akina mama tukaona hii ndiyo nafasi ya kumsitiri. Mwalimu wetu apokelee mgeni stoo? Haiwezekani!

Basi tukaifagia stoo, tukatandika mikeka, tukaleta viti vya plastiki vya shughuli na maua ya bandia, tukafukiza udi. Mke wa mvuvi akakaanga sambusa. Mimi nilishona mapazia, la dirisha na la mlango, kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, yana marinda juu na tepe ya dhahabu chini. Nilikesha nayo. Asubuhi nilipoyatundika tulisimama kuyatazama, mwenzangu akasema, "Shoga, hapa hata waziri anakaa." Nikavimba kichwa.

Mwalimu alifika ameongozana na afisa, kwa hiyo aliyaona wakati mmoja na mgeni. Alisimama kidogo. Akatutazama sisi tuliopanga mstari ukutani na kanga zetu mpya, akasema, "Karibu ndani." Wakaingia, na pazia la mlango likajirudia nyuma yao.

Afisa alikaa kama nusu saa. Watoto walitulia tuli, mikono mapajani, kwa sababu hawakuona kitu. Mwalimu alijaribu kuwafundisha mikono ikiwa juu, karibu na dirisha, lakini marinda yangu yalikuwa yameumeza mwanga wote. Mgeni akasema hajapata kuona watoto wenye nidhamu namna ile. Akala sambusa nne.

Wiki mbili baadaye tukasomewa majibu: mazingira ya kitengo yanaridhisha, wanafunzi ni watulivu, shule nyingine zina uhitaji mkubwa zaidi. Nilimtukana yule afisa matusi ambayo nitaulizwa mbele ya Mungu. Wenzangu wakaitikia. Mwalimu alituacha tuishiwe pumzi, kisha akatuomba tuje darasani kesho yake baada ya watoto kutoka.

Kulikuwa na wingu. Alitukalisha kwenye madawati ya watoto, magoti yakagonga kidevu. Akashusha mapazia yote mawili, akasimama mbele, akaanza kutufundisha kwa alama. Tuliona kivuli kinapunga. Aliendelea kwa muda mrefu, bila haraka, kama anavyofundisha siku zote. Kisha akauliza kwa mdomo, "Mmesikia nilichosema?"

Mke wa mvuvi akaanza kulia. Mimi nilipanda juu ya dawati nikayang'oa mapazia na misumari yake.

"Sasa mwalimu," nikamwambia, bado niko juu ya dawati, hasira na aibu zimechanganyika, "kwa nini siku ile hukuyafungua?"

"Mngeaibika mbele ya mgeni, mama."

Kumbe hata yeye! Mtu wa milimani, amekaa na sisi hadi ugonjwa wetu ukamwambukiza. Akacheka kidogo, akasema amekosea sawasawa na sisi, na kwamba kosa la wote wataliungama wote. Lakini yeye ni mwajiriwa, akisema peke yake ataonekana analalamikia kazi. Akatutaka twende wenyewe.

Tulikwenda Raskazone, kwenye ofisi ya yule afisa, mimi na mke wa mvuvi. Njiani mwenzangu akanisihi niuchunge mdomo. Sijawahi kusema maneno magumu kama yale. Nikamwambia afisa, "Baba, tulikudanganya. Viti si vyetu, mikeka si yetu, mapazia nilishona mimi. Watoto hawakuwa watulivu, walikuwa gizani."

Akaweka kalamu chini. "Sasa mlificha nini, mama, na mimi nilikuja kuona shida?"

"Ulikuwa mgeni wetu," nikasema.

Akasema yeye ni mtu wa bara lakini mama yake mzazi naye angefanya vilevile, na kwamba atakuja tena, ila hatasema siku.

Alikuja siku ya mvua. Nilikuwa pale kwa bahati, nimepeleka sare niliyoipunguza, nimejibanza kwenye ukumbi wa nje. Mwalimu alikuwa katikati ya somo. Mara yule afisa akatokea, mtu mwenye mwili wake, koti linachuruzika, akasimama mlangoni kuchungulia, akauziba wote.

Darasa likawa jeusi. Watoto wakageuka kutazama nyuma. Binti yangu akainuka kwenye dawati lake, akaja mpaka mlangoni, akamshika yule mheshimiwa mkono wa koti, akamvuta ndani, akamsogeza pembeni mpaka ukutani. Wala shikamoo, wala kupinda goti. Akahakikisha amesimama pale alipomweka, akarudi kukaa.

Nilitamani ardhi inimeze. Niliingia mbio nimwombe radhi, mkono nimeshauinua kumkamata mtoto. Mwalimu akanizuia kwa kiganja kimoja tu, bila kunitazama, na kwa mkono mwingine akaendelea na somo. Afisa alibaki pale ukutani, dari linamvujia begani, hakujisogeza mpaka kengele. Niliona macho yake yanaitazama ile mikono, kisha watoto, kisha mikono tena. Hatukumpa hata maji.

Ripoti ya safari hiyo sikusomewa, niliona matokeo yake. Shule zilipofunguliwa alikuja mwalimu wa pili, kijana wa Pangani mwenye barua ya ajira ya serikali, na kitengo kikahamishiwa chumba chenye madirisha pande mbili. Wadogo wana darasa lao. Bado nahesabu kata za mkoa huu ambako hakuna kitu kama hicho, ambako kuna mtoto anavuta kanga ya mama yake hivi sasa, na hilo linaniudhi kila siku.

Lakini siku ile ya mvua hatukujua lolote. Nilirudi nyumbani na binti yangu nikiamini ametuharibia kila kitu. Nikamkalisha barazani, nikajikusanyia alama zangu chache, nikamuuliza: mgeni, wewe, umevuta, kwa nini? Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Akanijibu kwa alama mbili, polepole, maana anajua mama yake ni mzito wa kuelewa.

Mwalimu. Simwoni.